Shusha Pumzi Kwanza

Mtu akipaniki, wote tunamwambia neno moja: "Vuta pumzi." Mimi siku hizi sikubaliani nalo. Kiswahili chenyewe kinajua zaidi yetu. Mtoto aliyepotea Kariakoo akipatikana, mama yake havuti pumzi, anashusha.

Niliyajua haya mwanzoni mwa 2021, miezi ile ya korona, Tanzania tulipokuwa tukisema "changamoto ya upumuaji" kwa sauti ya chini. Shangazi yangu alilazwa, mtungi wa oksijeni kando ya kitanda. Nilikaa pale nikihesabu kifua chake kikipanda na kushuka: thelathini na kitu kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Ukichukua 14 tu, kwa siku zinapita 20,000. Nilikuwa nimeshamshukuru Mungu kwa kazi, kwa kiwanja, hata kwa gari la mkopo. Kwa pumzi, sikumbuki. Pale wodini hewa hiyohiyo ilikuwa inakuja kwa mtungi, na mtungi una mwisho.

Nesi mmoja wa zamu ya usiku alimwambia, "Mama, poza uji." Avute taratibu kwa pua, abane midomo, kisha apulize polepole kama aliyeshika kikombe cha uji wa moto. Kutoa kuchukue muda mrefu kuliko kuingiza. Siku ya kwanza shangazi alikohoa tu, akamsema nesi kwa Kipare, bahati nzuri nesi hakuwa Mpare. Siku ya tatu nilimwona mabega yameteremka. Alikuwa bado mgonjwa, ila hofu ilikuwa imemtoka machoni.

Baadaye nilisoma sababu. Ukivuta pumzi, mapigo ya moyo huongezeka kidogo, ukiitoa, hupungua. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, unapita shingoni hadi kwenye moyo na tumbo, nao ndio unaoutuliza moyo. Ukirefusha kutoa, unaupa nafasi ya kufanya kazi yake. Moyo huwezi kuuambia upunguze mwendo ukakusikia. Figo ndiyo kabisa. Pumzi inajiendesha yenyewe ukilala, lakini ukitaka kushika usukani, inakuachia. Hapo ndipo mimi namwona Mungu: kaacha mlango mmoja bila kufuli.

Tena someni Mwanzo 2:7. Mungu anamfanya mtu kwa mavumbi, kisha anampulizia puani pumzi ya uhai. Kupuliza ni kutoa! Waislamu nao wanasoma katika Kurani kwamba Adamu alipuliziwa roho. Na lugha yetu imeweka pumzi, kupumua na kupumzika katika ukoo mmoja, kana kwamba wazee walijua kuwa asiyepumua vizuri hajapumzika, hata akilala kwa muda wa saa kumi.

Muumini mmoja kanisani kwetu alinionya kwamba mazoezi ya kupumua ni mambo ya dini za kigeni. Nilimuuliza mapafu yake ni ya dhehebu gani. Tunaimba kila mwaka "kila mwenye pumzi na amsifu Bwana", halafu pumzi yenyewe tunaiogopa?

Sisemi kodi ya nyumba italipika kwa kupuliza. Mwenye pumu atumie dawa zake, na ukihisi kizunguzungu, acha, pumua kawaida.

Shangazi alirudi nyumbani na mpaka leo anapalilia migomba yake. Nikimpigia simu nikiwa na hasira, hata sijamaliza kueleza, ananikatiza: "Mwanangu, poza uji kwanza." Juzi nilikwama kwenye foleni ya Mbagala, nimesimama ndani ya daladala, bosi anapiga simu mfululizo. Nikafumba macho, nikabana midomo, nikaanza kupuliza. Nilipofumbua, konda alikuwa ananitazama.

"Mzee, unaumwa?"

"Hapana, napoza uji."

Akaangalia mikono yangu mitupu, akacheka, akanidai nauli.