Mwembe Hauendi Sokoni

Mie nina ugomvi na mwembe wa uani kwetu. Umesimama pale tangu enzi za marehemu bibi, haujawahi kukanyaga soko la Darajani, haujawahi kuulizia bei ya unga, na kila ukiutazama umenawiri. Mizizi inavuta maji, majani yanavuta ile hewa tunayoitoa sie puani, jua likipiga ile rangi ya kijani, klorofili, inalidaka, na sukari inapikwa humo humo janini. Mkaa hautaki, gesi hautaki. Oksijeni, tunayohangaika nayo sote, kwake ni taka za jikoni. Mie jua hilo hilo likinipiga kutoka kituo cha daladala mpaka nyumbani, napata kipandauso.

Juzi nikaulizia jodari. Bei niliyotajiwa, nikamwambia muuzaji, "Yakhe, mie sinunui na boti." Kijana wa jirani, yuko fomu ya tatu na haachi kunifuata na mambo ya skuli, akanifafanulia njia nzima. Jua linalisha vimea vya baharini, vidogo hata jicho halivioni. Vimea vinaliwa na vijidudu, vijidudu vinaliwa na dagaa, dagaa wanaliwa na jodari. Kila mlaji anabakisha mwilini kama sehemu moja tu kati ya kumi, nyengine imekwenda kwa kuogelea, kwa joto na kwa choo. Kwa hesabu hiyo, nyuma ya kilo moja ya jodari kuna kama kilo 1,000 za vimea! Madalali watupu, kila mmoja kakata chake, na wa kulipa mie. Nikachukua dagaa, angalau nimruke dalali mmoja.

Na usidhani ukishakula mambo yamekwisha. Chakula kinasagwa, sukari inaingia kwenye damu, inafika kwenye seli, na humo mna vijumba, mitokondria, vinaiunguza kwa oksijeni taratibu, bila moto wala moshi. Nguvu zinapatikana, sikatai. Lakini nyingi zinaishia kuwa joto. Joto! Unguja hii, kaskazi ya Februari, nani kaagiza joto?

Kijana akaniambia mtu mzima akikaa kitako tu, hafanyi lolote, mwili wake unakula kama wati 80 mpaka 100. Moyo haulali, ini halilali, na ubongo peke yake unachukua khumsi, yaani sehemu moja kati ya tano. Hapo nikaona nimepata wakili. Maana mwenyewe nyumbani kila siku ananisema kuwa nashinda barazani sina kazi. Nikamwendea, kakaa kwenye kibao anachambua dagaa.

"Mke wangu, mie hata nikikaa nipo kazini. Nawaka taa nzima!"

Hakuinua uso. "Taa gani hiyo isiyomulika?"

Kijana akajifanya anakohoa.

"Na huo ubongo, bwana, unaokula khumsi ya chakula changu, ulipokuwa sokoni haukukumbuka ndimu?"