"Kadiri inavyowezekana" iandikwe wapi?

Chukua kazi ambayo mtu wa Goma anaielewa bila kufundishwa: programu ya kupanga mizigo ya boti ya Minova kwenda Kituku, bandari ya Goma kwenye Ziwa Kivu. Magunia 30 ya maharage na makaa yako ufukweni, na boti haiwezi kuyabeba yote. Kabla ya msimbo, masharti yanaandikwa kwa lugha ya hisabati ili mashine iyakague. Je, humo tuandike "beba mzigo wenye faida kubwa kuliko yote"?

Wanaokataa wana hoja nzito. "Uzito usizidi kikomo" unaikagua kwa kutazama upakiaji mmoja: umezidi au haujazidi. Maswali ya ndiyo au hapana ndiyo yaliyothibitishwa kwa mbinu ya B, njia ya kuthibitisha programu kwa hisabati, katika programu za usalama za metro ya Paris, laini ya 14, iliyofunguliwa mwaka 1998. Lakini kusema upakiaji huu ni bora ni kuulinganisha na mingine yote inayoruhusiwa, na magunia 30, kila moja liingie au libaki, yana mipangilio zaidi ya bilioni 1. Programu tatuzi kama Z3 ina amri za kutafuta kikubwa kabisa na hupita njia za mkato. Lakini tatizo likikua sana, jibu linaweza kuja boti imeshaondoka. Ndiyo maana wengi huandika namba: faida isipungue kiasi fulani.

Namba hiyo inanisumbua. Mara nyingi ni kisio la mtu mwenye haraka. Siku ya mzigo mchache haifikiki, na programu nzuri inahesabiwa mbovu. Siku ya mzigo mwingi inafikiwa mapema, na hakuna anayetafuta zaidi. Lengo la "faida kubwa kuliko yote" husimama siku zote mbili.

Kwa hiyo liandikwe, ila chini ya masharti, lichague tu ndani ya yaliyokwisha kuruhusiwa. Ninachokiogopa ni kuchanganya lengo na masharti katika hesabu moja, faida ukitoa faini ya uzito uliozidi. Bei ya makaa ikipanda, hesabu hiyo itakubali kulipa faini. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na Kituku, watu wa ufukweni wakiiona. Baada ya hapo siwezi kuandika uzito wa boti kama kitu chenye bei.

Na muda ukiisha, programu itoe upakiaji bora iliyoupata hadi hapo, ikitaja pengo ambalo haijaliziba kati ya faida hiyo na kikomo cha juu ambacho faida haiwezi kukipita.