Mfupa wa nyonga mbona hautajwi?

Nimesoma makala kuhusu tiba ya mifupa iliyovunjika ikagoma kuunga. Inasifu protini za kukuza mfupa (BMP) kana kwamba ndizo jibu la kila mfupa wa aina hiyo. Ni ugunduzi mkubwa, sikatai. Mwaka 1965 daktari wa mifupa Mmarekani, Marshall Urist, alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini, ukipandikizwa ndani ya msuli, huotesha mfupa mpya; hapo ndipo safari ya protini hizi ilipoanza. Mwaka 2004 Marekani ikaidhinisha mojawapo, BMP-2, kwa mivunjiko ya muundi iliyo wazi, yaani yenye kidonda kinachofika kwenye mfupa. Lakini bei yake dereva wa bodaboda aliyevunjika mguu aipate wapi?

Mwandishi angetueleza pia kuhusu kuchota mfupa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kuupandikiza pale palipovunjika. Huo una chembe hai, una protini hizohizo, na mwili hauukatai. Maumivu pale ulipochotwa yapo, kweli. Pengo kwenye mfupa likiwa kubwa, kuna njia ya daktari Mfaransa Masquelet: saruji ya kitabibu yenye antibiotiki huwekwa kwanza kwenye pengo, utando hujijenga kuizunguka kwa wiki 6 hadi 8, kisha saruji hutolewa na mfupa wa nyonga kujazwa humo.

Na jamani, kidonda chenye usaha kisafishwe kwanza! Bila hivyo, hata dawa ya mamilioni ni hela iliyotupwa. Sigara nayo mgonjwa aache, inachelewesha mfupa kuunga.