Leza barabarani: kupima mara moja hakutoshi

Ukimtajia dereva wa Tanzania neno leza, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni tochi. Askari wa usalama barabarani amesimama kwenye kivuli cha mwembe, wewe unaingia kijijini na mwendo wa 68 mahali pa 50, na yule dereva aliyekuwashia taa mlipopishana hukumwelewa upesi. Tochi ya leza hurusha mwali, husubiri urudi, na kutokana na muda huo mdogo mno hujua uko umbali gani. Ikirudia mara nyingi ndani ya kufumba na kufumbua, hujua pia unakimbia kiasi gani.

Skana ya leza inayofungwa juu ya gari la upimaji ni ndugu wa tochi hiyo, ila yenyewe haimlengi mtu mmoja. Huzunguka ikirusha miale mamia ya maelfu kwa sekunde, na kila mwali unaorudi huacha nukta moja. Gari likishapita, barabara nzima inabaki kwenye kompyuta kama wingu la nukta: lami, mtaro, nguzo ya umeme, kibao, mwembe, ukuta wa shule, vyote kwa usahihi wa sentimita chache. Hapo ndipo akili unde (AI) inapoingia, kulichambua wingu hilo na kusema hii ni nguzo, huu ni mti, hapa bega la barabara limekatika.

Wanaoitetea teknolojia hii wana hoja nzito, na hoja yenyewe ni ukubwa wa kazi. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini Tanzania, peke yake inasimamia mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000, mbali na barabara kuu na za mikoa zilizo chini ya TANROADS. Shirika la kimataifa la iRAP hupima usalama wa barabara kwa nyota, kuanzia moja hadi tano, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilitegemea watu walioketi mbele ya skrini wakitazama picha za kila kipande cha mita 100 na kujaza sifa zaidi ya 50: upana wa njia, kona, vivuko, vizuizi vya pembeni. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba kufikia mwaka 2030 kila barabara mpya ifikie viwango vya usalama kwa watumiaji wote, au iwe na nyota tatu au zaidi. Ukitegemea macho ya watu pekee, mwaka 2030 utafika kabla hujamaliza mkoa mmoja. Ndiyo maana iRAP yenyewe ina mpango wa AiRAP, unaotumia leza na akili unde kuvuna sifa hizo.

Kuna pia mambo ambayo jicho haliyaoni hata likitulia. Mhandisi mzoefu anaweza kupita kwenye kona asijue kwamba lami imelala upande usiofaa, au kwamba mtaro unaoonekana safi umeinuka katikati na hivyo maji yanarudi yalikotoka. Leza inaona hayo. Kutoka angani inafanya zaidi: baadhi ya miale hupenya kati ya majani na kugonga ardhi, kwa hiyo unapata ramani ya mwinuko hata chini ya msitu. Kwa nchi ambazo barabara zake huharibiwa na maji kuliko na magari, hilo si jambo dogo.

Nalifikiria tukio la Mai Mahiu nchini Kenya kila ninaposoma sifa za ramani hizi. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yalishuka kwa kishindo na kuua watu zaidi ya 40. Taarifa za mwanzo zilisema bwawa limepasuka. Baadaye wizara ya maji ilieleza kwamba hapakuwa na bwawa: handaki linalopitisha mto Tongi chini ya tuta la reli huko Old Kijabe lilikuwa limezibwa na takataka za mafuriko, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi likashindwa kuyazuia. Miundombinu ya usafiri iligeuka bwawa bila mtu yeyote kukusudia. Watu walikuwa wamelala.

Je, leza ingewaokoa? Mtetezi atasema ndiyo, kwa kuwa ramani ya mwinuko ingeonyesha wazi kwamba nyuma ya tuta lile kuna bakuli, na kwamba bakuli hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea. Atakuwa amesema kweli. Lakini kilichoua ni mlango kuziba, na kuziba ni jambo linalobadilika wiki hadi wiki. Ramani iliyopimwa miaka mitatu kabla ingeonyesha handaki likiwa wazi, na ofisini kila mtu angeridhika. Kwangu hapa ndipo mjadala wote unapokaa. Upimaji mmoja ni picha tu. Upimaji wa pili, mahali palepale, baada ya masika, ndio unaoonyesha kwamba bega la barabara limeliwa sentimita 30, kwamba kalavati limejaa mchanga hadi nusu, kwamba miti iliyoshikilia kingo za mto haipo tena. Nchi zenye bajeti finyu ziko katika hatari ya kununua ule wa kwanza tu, kwa kilomita nyingi na kwa sherehe, halafu faili likakaa kwenye kompyuta likizeeka.

Upande wa pili una hoja nyingine za kiufundi ambazo wauzaji hawazitaji sana. Shimo lililojaa maji huichanganya leza: maji hunyonya mwali au kuutupa pembeni, na kina halisi hakijulikani. Vumbi na ukungu nao huurudisha mwali kabla haujafika. Yaani chombo kinadhoofika katika hali zilezile zinazoua watu kwetu.

Akili unde nayo inajua kile ilichofunzwa. Ikiwa imefunzwa kwa barabara za Ulaya, itatambua vizuri kingo za chuma na mistari myeupe. Ikifika Mbagala, Dar es Salaam, itakutana na guta lililobeba magodoro, meza ya mama lishe juu ya bega la barabara, na njia ya miguu ambayo haikujengwa na mtu, ila imechongwa na nyayo za watu wanaokwenda sokoni kila alfajiri. Njia ile haina zege wala ukingo. Programu isipoitambua, itaandika kwamba hapa hakuna waenda kwa miguu, na barabara itapata nyota isiyostahili mbele ya macho ya wanaogawa fedha. Kosa la namna hiyo halionekani, maana limevaa sura ya kipimo.

Na fedha ndizo zinazonifanya nisite. Mambo mengi yanayoua barabarani kwetu hayajifichi. Kila mzazi anajua mtoto wake anavukia wapi na magari yanapita kasi gani. Shirika la Amend limefanya kazi kwa miaka mingi jijini Dar es Salaam, kupitia mpango wake wa SARSAI, kwa kuweka njia za miguu, matuta, alama na nguzo fupi karibu na shule za msingi, na utafiti ulionyesha majeraha kwa watoto yakipungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kwanza ya miji ya taasisi ya WRI. Hakuna leza pale. Kuna zege, rangi, na watu waliokwenda kuwauliza watoto wanapita wapi. Vivyo hivyo hapakuhitajika skana kujua kwamba Jangwani hufurika. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa palepale, na maji yameiingia zaidi ya mara moja.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema tungoje hadi barabara zote ziwe na lami ndipo tuzungumzie leza. Chukua barabara kuu ya kwenda Zambia inapopita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Malori hupita usiku na mchana, wanyama huvuka wapendavyo, na vibao vya kupunguza mwendo vipo. Pale upimaji wa kurudiwa una maana: kujua vichaka vimesogea wapi hadi dereva hawezi kumwona pundamilia kwa wakati, wapi mtaro umetengeneza dimbwi linalovuta wanyama kunywa kando ya lami. Kilomita 50 zinapimika mara mbili kwa mwaka. Kilomita 144,000 hazipimiki.

Kuna hofu moja zaidi, na ninaichukulia kwa uzito. Leza inayopima barabara inapima pia vibaraza vya watu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, na Watanzania wanaijua tofauti ya X ya kijani na X nyekundu, alama za kubomolewa, kwenye kuta zao: ya kijani ina fidia, nyekundu haina. Wingu la nukta linaweza kuorodhesha kila ukuta uliovuka mstari kwa dakika chache. Wahandisi watasema ni haki, vipimo sahihi huondoa ubishi na upendeleo, na mwenye nyumba aliyeonewa kwa futi ya mkononi atapata utetezi. Nakubali, kwa sharti kwamba mwenye nyumba naye anaweza kuziona nukta hizo. Kamera zinazoandamana na skana hunasa sura na namba za magari, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu. Lakini vipimo vya barabara yenyewe vinapaswa kuwa wazi katika ofisi ya kata, si kubaki kwa mkandarasi.

Kama ningeulizwa fedha ya kwanza iende wapi, ningeacha mbele za shule zote nje ya mradi wa leza. Huko zipelekwe nguzo na matuta mwaka huuhuu. Leza ningeipeleka kwenye matuta ya udongo yanayobeba barabara na reli na kukatiza mabonde ya mito, kwenye miteremko inayomomonyoka, na Mikumi. Ningeandika ndani ya mkataba kwamba malipo ya mwisho hayatoki hadi upimaji wa pili, ule wa baada ya masika, uwe umefanyika, na kila kalavati liwe na namba, kina chake kabla ya mvua, kina chake baada ya mvua, na tarehe lilipozibuliwa.