Risasi za Mshipi

Kosa la kwanza lilikuwa kuongelea simu kibarazani. Mikindani nyumba zimebanana, ukikohoa jirani anakupa pole, na mimi nikishika simu huwa napiga kelele kana kwamba kule Msangamkuu kwa shemeji hakuna mnara.

"Shemeji, risasi nimepata!" nikamwambia. "Kilo nne nzima! Jioni nayeyusha, natengeneza mwenyewe hapa hapa nyumbani."

"Ziwe na tundu lakini," akajibu. Simu ilikuwa kwenye spika.

"Zote zitakuwa na tundu. Usiku tukitoka, Changu hana pa kukimbilia!"

Kwa mvuvi hapo hamna neno la kushtua. Chubwi, vile vizito vya kuzamisha mshipi wa kuvulia, hutengenezwa kwa risasi, ile metali laini nzito, lazima ziwe na tundu la kupitisha uzi, na changu ni samaki, tena mtamu. Kwenye miamba tunakovulia, chubwi zinanasa kila siku, kwa hiyo kuzinunua dukani ni kuyalisha matumbawe kwa pesa taslimu. Ndiyo maana nikaenda kwa fundi tairi kuomba vile vipande vya risasi vinavyogongwa kwenye rimu ili gurudumu lisiyumbe. Betri kuukuu sikugusa. Ile ina tindikali, na moshi wake hata kuku wanahama.

Sasa nyuma ya ua wa makuti alikuwa mzee jirani, mwanajeshi mstaafu, na redio yake. Na Mtwara si mahali pa kutania kwa neno risasi. Msumbiji ni hapo ng'ambo ya Ruvuma, na tangu 2017 habari za mapigano ya kule Cabo Delgado zimetufanya tusikilize kwa masikio manne.

Kosa la pili lilikuwa tofali. Nilichukua matofali mawili ya kuchoma, nikayachonga vishimo vya umbo la chubwi, nusu huku, nusu kule, na kipande cha waya katikati cha kuacha tundu. Nikayakausha jikoni siku mbili. Mke wangu, Mungu ambariki, akaona matofali yana masizi, akayaosha kwa sabuni. Akayarudisha palepale, yanang'aa. Na tofali la kuchoma hunywa maji kama watu wa kwetu wanavyokunywa uraka msimu wa mabibo: kwa nje kavu kabisa, kwa ndani limelewa.

Jioni nikabandika sufuria ya mama mkwe. Alituachia alipokuja kulea mjukuu, nami nikajisemea kwamba Lindi ni mbali, hataona. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, na jiko la mkaa likipepewa linafika huko bila kutoa jasho. Ikalainika, ikatulia, juu ikawa kama kioo, hata sura yangu niliiona. Nikajiona fundi. Nikamimina chubwi ya kwanza, ikakaa. Nikamimina ya pili.

PA!

Maji yakinaswa chini ya risasi ya moto hugeuka mvuke palepale, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile iliyoyatosha maji. Nafasi hiyo ilikuwa usoni pangu. Matone yakaruka juu kwenye bati, pa-pa-pa-pa, moja likatoboa kandambili na kuniachia alama ya ukubwa wa punje ya mtama. Mimi sikungoja kuhesabu mengine. Niliruka ua wa makuti bila kuugusa, nikatua karibu na kichwa cha mzee, ambaye alikuwa ameshalala kifudifudi, redio kaikumbatia.

"Lala chini, mjinga wewe! Wanapiga kutoka kwako!"

Kumbe mwenyekiti wa mtaa alishapigiwa simu tangu mchana. Akafika na askari wawili.

"Hizi risasi ni za nini?"

"Za mshipi, afande."

Afande mwenyewe mtu wa bara, kwao mshipi ni wa kufungia suruali. Akamgeukia mwenzake: "Andika. Risasi za mshipi. Zile za kuvaa begani."

"Tena zenye tundu!" mzee akadakia, akijipangusa mchanga. "Hizo zikiingia mwilini zinachanua! Zimekatazwa vitani tangu The Hague, 1899!"

Nilikuja kusoma baadaye nikakuta mzee hakukosea. Risasi ya bunduki yenye tundu nchani hupanuka ikigonga nyama. Wawindaji wanaitumia, ila nchi zilipatana mwaka huo zisipigane kwa risasi za kupanuka. Elimu safi kabisa, lakini saa ile ilikuwa inanichimbia kaburi, maana afande alishaanza kuitaja Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015.

"Na Changu ni nani?"

"Ni samaki, afande."

"Hilo ni jina lake la mtaani?"

Hapo ndipo simu ikaita. Afande akaichukua, akabonyeza spika, akaniwekea kidole mdomoni.

"Shemeji!" sauti ikajaa ua mzima. "Risasi vipi? Vijana wameshajaa kwenye boti, wanakusubiri wewe tu tuvamie!"

Mke wangu akakaa chini.

Aliyeniokoa ni mwenyekiti, mvuvi mwenzetu. Alifunua matofali kwa kijiti, akaitoa ile chubwi moja iliyosalimika, akaimwagia maji, akapitisha uzi tunduni na kuininginiza mbele ya pua ya afande. Kisha akacheka mpaka akaishika nguzo ya nyumba. Mzee ndiye pekee aliyekataa kucheka. Hadi leo akinisalimia anaangalia mikono yangu kwanza.

Waliniachia, ila sufuria waliondoka nayo, kielelezo. Mama mkwe hupiga simu kila Ijumaa kuulizia hali ya mjukuu, halafu hali ya sufuria. Namwambia ni nzima, iko serikalini.