Kilo saba begani: mtumbwi gani unamfaa mpigaji kafi mwenye mwili mdogo?

Mtu mwenye kilo 50 akiulizia mtumbwi wa mtu mmoja kaskazini mwa jimbo la New York, aghalabu ataelekezwa kwenye wenye urefu wa mita nne na zaidi. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, tena una hoja nyuma yake: mtumbwi mrefu huenda kasi, hushika njia, hubeba mizigo ya siku nyingi na hautikiswi ovyo na mawimbi. Ule wa mita tatu na kitu huchukuliwa kuwa chombo cha kuzungukia kiziwa kimoja mchana mmoja na kurudi nyumbani. Naona ushauri huu umepimwa kwa mwili wa mtu mwingine, na anayeufuata akiwa na mwili mdogo hulipia kosa la kipimo hicho kwa mabega yake.

Vyombo ninavyozungumzia ni mitumbwi myepesi, iliyo wazi juu, ambayo mpigaji hukaa chini kabisa, karibu na sakafu yake, na kutumia kafi lenye bapa kila upande. Kwao ni milima ya Adirondack, hukohuko kaskazini mwa New York. Huko maziwa na viziwa vimetapakaa msituni, na kati ya kimoja na kingine mara nyingi hakuna mto unaopitika, ila njia ya miguu. Eneo la mitumbwi la St. Regis peke yake lina viziwa 58, injini haziruhusiwi humo, na anayetaka kuvuka kutoka kiziwa hiki hadi kile hukibeba chombo chake begani. Aliyekulia Kigoma au Uvira anajua mtumbwi wa gogo ambao haubebwi na mtu mmoja wala hauna haja ya kubebwa, kwa kuwa ziwa ni hilohilo asubuhi na jioni. Kwa wenzetu waliohamia Utica, Syracuse au Burlington, ambao Adirondack haiko mbali nao, hili ni jambo la kulizoea upya: nusu ya safari iko majini, nusu iko nchi kavu.

Watu wenye miili midogo hawakuja kupachikwa baadaye katika historia ya chombo hiki. Kilibuniwa kwa ajili ya mmoja wao. George Washington Sears, aliyeandika kwa jina la Nessmuk, alikuwa na kimo cha takriban sentimita 160 na uzito usiofika kilo 52, na mapafu yake yalikuwa mabovu. Hakuwa na uwezo wa kubeba mitumbwi ya wakati wake wala hakuwa na fedha za kumlipa kiongozi ambebee. Akamwagiza fundi J. Henry Rushton wa mji wa Canton amtengenezee midogo ya mbao za mwerezi. Wa mwaka 1880 ulikuwa na kilo nane hivi. Wa 1883, uliopewa jina la Sairy Gamp, ulikuwa na urefu wa mita 2.74 na uzito wa kilo 4.8. Kwa huo, akiwa na umri wa miaka 61, Sears alisafiri takriban kilomita 428 katika maziwa ya Adirondack. Miaka kumi baadaye Rushton alitoa umbo aliloliita Wee Lassie, lenye urefu wa mita 3.2 na upana wa sentimita 69 tu, na mafundi wengi wa leo bado wanarudi kwenye umbo hilo. Warsha ya Hornbeck, iliyoanzishwa na marehemu Pete Hornbeck kule Olmstedville, hutengeneza mtumbwi wa urefu huohuo kwa kaboni na Kevlar, nyuzi nyepesi zilizo imara sana, na uzito wake hauzidi kilo saba kwa mbali.

Kilo saba hizo ndizo ningependa zifikiriwe kwa makini, maana mazungumzo mengi huzipita kama urahisi tu, kitu kizuri kuwa nacho ukiweza kukilipia.

Chukua mwanamume wa kilo 85 mwenye mtumbwi wa plastiki wa kilo 19 na mzigo wa kilo 11: hema, mfuko wa kulalia, jiko, chakula cha siku mbili. Jumla ni kilo 30, asilimia 35 ya mwili wake. Ni kazi, lakini mtu mwenye afya hubeba vyote mara moja. Sasa mchukue mwanamke wa kilo 50. Mzigo wake ni uleule, kwani hema halipungui uzito kwa sababu anayelala ndani ni mdogo. Akiwa na mtumbwi uleule wa kilo 19, anabeba asilimia 60 ya mwili wake, jambo ambalo hakuna anayepaswa kulijaribu juu ya mizizi na mawe. Ili afikie asilimia 36, yaani takriban hali sawa na ya yule mwanamume, mtumbwi wake lazima uwe na kilo saba. Kwake yeye kilo saba si anasa. Ndicho chombo cha kawaida. Ndiyo plastiki ya kilo 19 ya mwenzake.

Asipokuwa nacho, hatakata tamaa. Atabeba kwa awamu mbili. Njia ya kubebea ya maporomoko ya Raquette, hukohuko Adirondack, ina urefu wa kilomita mbili hivi, na mwanzo wake una mwinuko mkali. Kwa awamu mbili, atakwenda na mtumbwi, arudi mikono mitupu, kisha aende tena na mzigo: kilomita sita. Kilomita nne za ziada kwa miguu ni zaidi ya saa moja. Tuupe mtumbwi mrefu heshima yake na tukubali kwamba unamwongezea nusu kilomita kwa kila saa majini, kutoka tano hadi tano na nusu. Katika kilomita kumi za maji ataokoa dakika 11. Njia moja tu ya kubebea imezimeza dakika hizo zote na kudai nyingine hamsini. Siku yenye njia tatu au nne za namna hiyo inageuka kuwa siku ya kutembea, na jioni bado kuna kunyanyua chombo hadi juu ya paa la gari, peke yake, mikono ikiwa imechoka. Watu wengi huacha mchezo huu hapo. Hawasemi kwamba mtumbwi ni mzito. Wanasema siku hizi hawana nafasi.

Atakayenipinga atasema nimechagua plastiki ili nishinde kirahisi, na ana haki. Ipo mitumbwi mirefu ya kaboni. RapidFire ya Placid Boatworks, iliyochorwa na David Yost, ina urefu wa futi 15, yaani mita 4.6, na bado haifiki kilo 14. Hata tukiuhesabu mtumbwi mrefu wa namna hiyo kuwa na kilo 12, pamoja na mzigo ni kilo 23, asilimia 46 ya mwanamke wetu. Anaweza, kwa njia fupi. Ila kuna jambo ambalo mizani haionyeshi. Mtu wa sentimita 155 akiubeba mtumbwi wa mita nne na nusu kichwani, omo liko mita mbili na zaidi mbele yake na shetri umbali huohuo nyuma. Kwenye mpando omo hugonga mawe, kwenye mteremko shetri hukwama, na kona zote za msituni humtaka arudi nyuma kidogo ndipo apite.

Tukirudi majini, hoja ya kasi imezidishwa pia. Kila chombo kinachosukumwa kwa kafi namna hii kina kikomo cha kasi kinachotokana na urefu wake, kwa sababu ya wimbi kinalolitengeneza chenyewe. Kwa mita 3.2 kikomo hicho ni takriban kilomita 8 kwa saa. Kwa mita 4.3 ni kama 9.3. Tofauti inaonekana kubwa mpaka uulize ni nani anayefika huko. Mwendo wa kawaida wa mtu anayepiga kafi kutwa ni kama kilomita tano kwa saa. Katika mwendo huo kinachomzuia zaidi ni msuguano wa maji kwenye ngozi ya mtumbwi, na mtumbwi mfupi una ngozi kidogo majini. Mwenye misuli mikubwa atakigonga kile kikomo na kukichukia. Mwenye misuli midogo hukikaribia mara chache, huku akilipa msuguano kwa kila kafi.

Na kuna upana na kina, ambavyo kwa maoni yangu vina uzito kuliko urefu wenyewe. Ukikaa chini kabisa, ubavu wa mtumbwi wa upana wa sentimita 78 unakuja karibu na kwapa la mtu mfupi. Viwiko vinagonga ukingo, kafi linabidi liwe refu ili lifike majini, kafi refu ni zito, na mikono inainuliwa juu maelfu ya mara kwa siku. Tena mtumbwi uliokusudiwa mtu mzito, ukimbeba mwepesi, huelea juu mno. Ubavu wote ule unabaki hewani, na upepo unaukamata. Mtu mdogo anayelalamika kwamba mtumbwi unamshinda kwenye upepo huambiwa ajifunze mbinu, ilhali tatizo ni sentimita tano za ubavu zisizo na kazi.

Upande wa pili una mambo ambayo siwezi kuyafuta. Long Lake, mojawapo ya maziwa ya Adirondack, ina urefu wa kilomita 22 na imelala kuelekea kaskazini mashariki, ikiufungulia mlango upepo wa kusini magharibi, na mawimbi hukua yakifika upande wa mbali. Huko mtumbwi wa mita 3.2 huyumba kulia na kushoto kwa kila kafi, hauna sitaha ya kuzuia maji, na ukijaa katikati ya ziwa si rahisi kuyafua maji na kuingia tena. Mwanzoni mwa Mei barafu haina muda mrefu tangu iondoke na maji bado ni ya kuua. Ndiyo maana sheria ya New York inataka jaketi la kuokolea livaliwe kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 1 Mei katika vyombo vya burudani vilivyo chini ya futi 21. Rushton mwenyewe alimwonya Sears asithubutu kuagiza mdogo kuliko Sairy Gamp. Fundi aliyeufanya wepesi kuwa sanaa alijua wepesi una mahali unapogeuka kuwa uzembe.

Bei nayo inauma. Mitumbwi mipya ya kaboni na Kevlar hupita dola 2,000, na ya plastiki hupatikana kwa karibu nusu ya fedha hizo, tena huburuzwa juu ya mawe bila huruma. Zamani kulikuwa na njia ya kati: Old Town Pack ya Royalex, aina ya plastiki ya matabaka, mita 3.7, kilo 15, ngumu na nafuu. Utengenezaji wa Royalex ulisitishwa mwaka 2014, na tangu hapo mwenye mfuko mdogo hutegemea mitumba. Iliyotunzwa vizuri bado inafaa, hasa kwa asiyekuwa na njia ndefu za kubebea, na nisingemcheka mtu aliyeichagua.

Kwa hiyo mtu wa chini ya kilo 60 anayelala msituni usiku mmoja au mbili na kupita viziwa vya St. Regis ningempeleka kwenye mita 3.2 hadi 3.7, upana usiozidi sentimita 70, kilo tisa kushuka chini. Asisome tu uzito wa juu unaoruhusiwa na mtengenezaji. Aingie ndani akiwa na mzigo wake, aangalie ubavu umebaki kiasi gani juu ya maji, na apige kafi bila kugonga ukingo. Anayevuka maziwa makubwa kila wiki, au anayesafiri na mbwa, achukue mrefu, ila mwembamba na wenye ubavu mfupi, na akubali kubeba mtumbwi tu kwanza, kisha arudi kuchukua mzigo. Na wauzaji wangewatendea haki wateja wao wadogo kama, kabla ya kutaja urefu wowote, wangewauliza kilo zao na njia zao za kubebea ni ndefu kiasi gani.