Peptidi na donda lisilofunga: za kupaka sawa, sindano bado

Donda la mguu la kisukari likikaa miezi bila kufunga, huku Mombasa lawama huanzia kwa dawa, ikaenda kwa daktari, wakati mwingine ikaishia kwa jicho la jirani. Utando hautajwi. Vijidudu vya dondani, au vya kwenye mpira wa mkojo, hujifunika ute, ndio utando wenyewe, wakaishi humo pamoja, na mara nyingine fangasi na bakteria huwa wabia. Fangasi Candida albicans hutoa nyuzi ndefu, bakteria Staphylococcus aureus akajishikiza hapo kama mawe na chokaa juu ya boriti za nyumba ya Mji wa Kale. Ute wa fangasi, wenye sukari iitwayo glukani, humkinga bakteria huyo dhidi ya antibayotiki ya vankomaisini.

Wanaozitetea peptidi kama dawa ya utando huu wana hoja nzito. Hivi ni vipande vifupi vya protini ambavyo hata mwili wetu huvitengeneza: mate yana histatini 5 inayoua Candida, ngozi na seli nyeupe za damu zina nyingine iitwayo LL-37. Nyingi hunasa kwenye ngozi nyembamba ya seli ya kijidudu na kuitoboa, ndiyo maana baadhi huua fangasi na bakteria kwa pamoja. Antibayotiki za kawaida fangasi haziwamudu.

Lakini maabara si wodi. Mwaka 1987 Michael Zasloff alieleza magainini, peptidi ya ngozi ya chura wa Kiafrika. Kutokana nayo ikatengenezwa peksiganani, dawa ya kupaka kwenye donda hilihili la kisukari; mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakataa kuiidhinisha. Chumvi ya mwilini hudhoofisha peptidi nyingi, na vimeng'enya vya dondani huzikatakata. Tena kolistini, ambayo ni peptidi ya kuua bakteria iliyo hospitalini miaka mingi, huumiza figo, na figo za mwenye kisukari aghalabu zishachoka. Usugu nao umeshafika: jeni mcr-1, inayowakinga bakteria dhidi ya kolistini, iliripotiwa China mwaka 2015 na huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine.

Mimi naegemea kwenye kupaka: juu ya donda lililokwisha kusafishwa, kwenye meno ya bandia, au kwenye mpira kabla haujaingizwa, tena pamoja na dawa za zamani. Huko figo haziguswi sana. Sindano isubiri.

Ila kuna kazi isiyohitaji peptidi yoyote. Usaha ukipelekwa maabara, fomu iombe fangasi nao watafutwe. Ikiomba bakteria peke yake, mgonjwa atabadilishiwa antibayotiki mara ya tatu, na Candida haitakuwa imetibiwa hata siku moja.